Kiti cha mtazamaji: kisa cha mamdogo na video zake tisa za kushona

Mamdogo alinipigia jumapili usiku, hata salamu hazijaisha akasema mwanangu nitafutie kamera. Kamera ya nini mamdogo? Hii simu imenishinda, video zangu hazitazamwi, nimeweka tisa na watu wanapita tu kama hawazioni. Nikanyamaza kidogo maana hilo ombi la kamera nalisikia kila mara kutoka kwa watu tofauti, na karibu kila mara ukichunguza unakuta simu haina kosa lolote, ila mtu akishaisukumia simu lawama anakuwa ameshajisamehe, anakaa anasubiri kamera.

Kwa wasiomjua, huyu ni mwalimu mstaafu, anashona kwa mkono tangu akiwa binti mdogo, hana mashine na wala haitaki. Vifungo, mapindo, viraka, zipu iliyochomoka upande mmoja, mfuko uliotoboka, vitu vya namna hiyo. Alipostaafu akaona huu ujuzi utamfia mkononi hivi hivi, akafungua chaneli, akaegemeza simu kwenye jagi la maji, akaanza kufundisha. Video tisa ndani ya miezi miwili, na iliyo fupi kuliko zote ina dakika 14. Iliyofanya vizuri zaidi ilikuwa imetazamwa mara 31, na kwenye hizo 31 nusu ni sisi ndugu, mi mwenyewe nimo mara tatu.

Mi shughuli zangu ni za kuediti video kwa hiyo watu wakinijia na hadithi huwa siongei sana, naomba linki. Ila safari hii nilifanya kitu ambacho ningewashauri wote mnaosaidia watu mkifanye, badala ya kukaa kama hakimu nikachukua shati langu lililokosa kifungo, sindano na uzi, nikakaa kitandani nikaweka video yake ya kifungo nikasema ngoja nishone naye. Nikashindwa. Yaani mikono yangu ilikuwa inaenda kinyume kila akipitisha sindano, nasimamisha, narudisha nyuma, nageuza shati, nageuza simu, nageuka mimi. Na ajabu ni kwamba kushona kifungo najua! Nilijua nikiwa na miaka nane hivi, na aliyenifundisha ni huyu huyu mamdogo.

Sasa nikajiuliza, kwa nini kipindi kile nilielewa siku moja na leo nina miaka yangu yote hii nashindwa kumfuata mwalimu yule yule akifundisha kitu kile kile? Nikakumbuka nilikuwa nakaa wapi. Nilikuwa nasimama nyuma ya kiti chake, kidevu kinakaribia bega lake, natazama mikono yake kwa juu, mkono wake wa kulia uko upande wa mkono wangu wa kulia. Kwenye video simu iko mbele yake, imemkabili, kwa hiyo mkono wake wa kulia unatokea kushoto kwangu, na akivuta uzi kuja kwake mi naona uzi unakwenda mbali na mimi. Kama umewahi kumfunga mwenzio tai mkiwa mmetazamana unajua ninachosema, tai unayojifunga kila siku bila kufikiri inageuka fumbo.

Kwa hiyo tatizo la kwanza la chaneli yake lilikuwa jagi. Au tuseme mahali jagi lilipokaa.

Nikampigia nikamwambia, akakataa palepale. "Baba, nitaongeaje na mtu nikiwa nimempa mgongo? Huo si ukosefu wa adabu?" Na hapo ndo nikaelewa kwamba hakuweka simu mbele kwa bahati mbaya, aliiweka pale kwa heshima, miaka yote ya kazi alisimama mbele ya darasa akiwatazama watoto usoni, na simu kwake ni mtoto aliyekaa dawati la mbele. Sikubishana, nilimuuliza tu, mamdogo, mimi ulinifundishia wapi kushona? Akanyamaza. Akasema, nyuma ya kiti. Basi.

Nikiri kitu kimoja, nilijaribu njia ya mkato kwanza. Programu karibu zote za kuediti zina kitufe cha kupindua picha kama kioo, kulia kunakuwa kushoto, nikasema nizipindue zote tisa tusirudie kazi. Ikatoka vituko. Mikono ikakaa upande sahihi sawa, ila maandishi yote yakawa yanasomeka kinyume, na shati la kiume likageuka la kike maana vifungo vya shati la kiume vinakaa upande wa kulia wa mvaaji na la kike kushoto, halafu bado uzi ukivutwa ulikuwa unaenda mbali badala ya kuja. Kioo kinabadili kulia na kushoto tu, hakikutoi mbele ya mtu kukupeleka nyuma yake. Ikabidi turudie, na zile tisa nikamwambia azifute. Hili la kufuta nitalirudia.

Stendi tulitengeneza wenyewe. Marundo mawili ya vitabu juu ya meza, moja kila upande, ubao mwembamba umelala juu yake kama daraja, simu imelala chali juu ya ubao, kioo juu, na lenzi ya nyuma imechomoza nje ya ukingo inatazama chini, na nyuma ya simu kitabu kizito ili isipinduke. Mamdogo anakaa, daraja liko juu ya mikono yake upande wa bega la kushoto, na meza tukaisogeza mpaka dirisha likawa kushoto kwake, kwa sababu mkono wa kulia ndo unashika sindano na mwanga ukitoka kulia basi kivuli cha mkono kinaangukia palepale kwenye mshono. Simu ikawekwa ili chini ya picha iwe upande wa tumbo lake. Hii watu wanaisahau, wanatundika simu juu vizuri kabisa halafu picha inatoka imepinduliwa kichwa chini miguu juu kama umekaa ng'ambo ya meza, unarudi kulekule kwenye jagi.

Halafu kuna vitu viwili vidogo vya kamera ambavyo vilikuwa vinaharibu kila kitu kumbe dawa yake ni sekunde mbili. Kila mkono ukiingia kwenye picha simu ilikuwa inahangaika kutafuta wapi pa kukazia macho, picha inafifia inarudi, mwanga unapanda unashuka. Ukigusa kioo mahali unapotaka ukashikilia kidole bila kuachia, simu nyingi zinafunga fokasi na mwanga hapo, mikono icheze itakavyo. La pili ni ile mistari ya giza inayotembea kwenye picha ukirekodi usiku. Sio simu mbovu. Taa za umeme nyingi zinawaka na kufifia haraka kuliko jicho linavyoona, umeme wa hezi 50, yaani unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, taa inapepesa mara 100 kwa sekunde, wa hezi 60 mara 120, na kamera ikiwa inapiga fremu 30, yaani picha 30 moja moja, kwa sekunde kwenye umeme wa 50 haziendi sawa, ndo unaona ile mistari. Kwenye umeme wa 50 weka fremu 25 kama simu inaruhusu, kwenye 60 weka 30. Au fanya kama tulivyofanya sisi, rekodi mchana dirishani na taa uzime.

Tukagombana kuhusu uzi. Shati jeupe, uzi mweupe, kwenye kioo cha simu huoni kitu zaidi ya mikono inayokuna hewa. Nikasema tushone kwa uzi mwekundu. Akaniangalia kama nimetukana. Nani anashona shati jeupe kwa uzi mwekundu? Hakuna mamdogo, lakini na wa kuona weupe juu ya weupe pia hakuna. Mwisho tukapatana, somo lote ni uzi mwekundu na sindano nene, kisha sekunde tatu za mwisho anaonyesha shati lilelile limeshonwa kwa uzi mweupe kama inavyotakiwa, heshima yake ikarudi.

Sauti ndo ilikuwa mbaya kuliko vyote na ningeweza kuandika kurasa juu ya hiyo sauti. Watu wanavumilia picha mbovu, sauti mbovu hawavumilii, wanaondoka bila hata kujua kwa nini wameondoka. Mamdogo alikuwa anaongea huku ameinama, sauti inaangukia mezani, simu iko mbali, feni inaunguruma juu, na redio ya jirani inapiga muziki dirishani. Na huo muziki wa jirani ulikuwa umemletea taarifa ya hakimiliki kwenye video mbili, akashtuka sana, akanitumia picha ya ile taarifa akaandika "mwanangu wananishtaki". Hakuna aliyemshtaki. Ni mashine inayolinganisha sauti ya video yako na maktaba ya nyimbo zilizosajiliwa, YouTube wameanza kutumia mfumo wao wa hivyo tangu 2007, na mashine haijui kama huo wimbo umeuweka wewe makusudi au umepenyeza dirishani kwa jirani. Imesikia, imetambua, imeandika. Dawa ni kuzima chanzo kabla hujarekodi maana kuutoa muziki ulioshikana na maneno baadaye ni mateso na mara nyingi sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

Sisi tulitenganisha kazi mbili. Kwanza mikono tu, anashona kimya kimya, feni iungurume tu hakuna anayejali. Baadaye akakaa na simu ya pili mbele ya kabati la nguo lililo wazi, nguo zinameza mwangwi vizuri kuliko unavyofikiri, kichwa karibu kimeingia kwenye makoti, huku anaangalia mikono yake mwenyewe kwenye kioo kingine na anaieleza. Simu iko umbali wa shubiri moja na mdomo, imekaa pembeni kidogo ili pumzi za p na b zisigonge maiki. Ilivyotoka nikamwambia mamdogo hii ndo kamera uliyokuwa unaitafuta. Hakucheka.

Faida nyingine ambayo sikuitarajia, akiwa anashona na kuongea pamoja alikuwa anasema vitu visivyo na maana, "hivi, halafu hivi, unapitisha hivi", kwa sababu mikono inamwonyesha yeye kila kitu. Akiwa anaangalia tu ikabidi atafute maneno: chomoza sindano kwa chini, acha nafasi ya kijiti cha kiberiti kati ya kifungo na nguo, zungusha uzi shingoni mara tatu kabla ya kufunga fundo. Hilo la kijiti cha kiberiti kwenye dakika zote zile za mwanzo hakuwahi kulisema hata mara moja, alikuwa analifanya tu. Unaweka kijiti juu ya kifungo, unashona uzi ukipita juu yake, ukikichomoa uzi unalegea kidogo, na huo ulegevu ndo shingo ya kifungo, bila shingo kifungo kinabana nguo na kinang'oka upesi.

Sasa urefu. Kila video ilianza kwa dakika mbili za kusalimia, kujitambulisha, kushukuru, kuomba watu wabonyeze kengele, na kuelezea jana ilikuwaje. Ule mchoro wa kwenye chaneli unaokuonyesha watu wanaondokea wapi ulikuwa unashuka kama ukuta, sekunde ya 30 karibu wote wamekwenda, hawajaona hata sindano. Nikamwambia video ya kwanza kabisa kupandishwa YouTube, tarehe 23 Aprili 2005, ina sekunde 19 tu. Ni Jawed Karim, mmoja wa walioanzisha mtandao wenyewe, amesimama mbele ya tembo kwenye bustani ya wanyama ya San Diego anasema mikonga yao ni mirefu sana, mwisho. Hakujitambulisha, hakuomba laiki. Mamdogo akauliza, na huyo sasa ndo mwalimu? Nikakosa jibu. Ila alielewa, na tukapanga kila video ianze na tatizo lenyewe mkononi, shati limeshikwa, kifungo hakipo, na maneno ya kwanza yawe "kifungo kimetoka na uzi umebaki".

Dakika 14 za kifungo zikawa sekunde 52. Wapi dakika 13 zilienda? Dakika nzima na sekunde 40 alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Nilitaka kuitupa yote, akasema hapana, hapo ndo watu wanakwama, basi tukaitoa ikawa video yake peke yake ya sekunde 20, na ndo mpaka leo inatazamwa kuliko zingine zote. Hii ningeikosa kama ningekuwa naediti peke yangu.

Ya kuchezacheza ilikuja kwa mjukuu wake, binti wa miaka tisa, ambaye alikuwa amekaa pembeni anachoka na sisi. Akauliza kwa nini kifungo kisitembee chenyewe. Tukaliacha somo tukatengeneza, yaani unapiga picha moja, unasogeza kifungo kidogo kama unene wa kucha, unapiga nyingine, ukiziunganisha picha 12 kwa sekunde moja kifungo kinatambaa mezani, kinapanda shati, kinakaa mahali pake. Sekunde tano tu ni picha 60. Shida kubwa ilikuwa kila tukigusa simu ili kupiga picha ubao unatikisika na picha nzima inaruka, mpaka tukachomeka earphone za waya, kwenye simu nyingi kile kitufe cha sauti cha earphone kinapiga picha bila kugusa simu. Picha 60 zilituchukua mchana mzima kwa sababu mtoto alikuwa anasahau kutoa kidole. Kuna picha mbili bado zina ukucha wake, nimeziacha makusudi, zinapita haraka lakini ukijua unaziona.

Na ile ya kitambaa kilichochanika kikapona ghafla ni rahisi zaidi, rekodi kitambaa kilichochanika, simamisha, usiguse simu, kishone, kirudishe palepale, endelea kurekodi, kata katikati. Georges Méliès, yule Mfaransa wa filamu za mwanzo mwanzo, alisimulia mwenyewe kwamba aliigundua hii mwaka 1896 pale kamera yake ilipokwama akiwa anarekodi barabarani Paris, ikaja kuendelea baadaye, alipoitazama filamu basi la farasi likageuka gari la kubebea maiti. Sisi badala ya kamera kukwama tulisubiri mamdogo ashone kiraka, nusu saa hivi, na hakuna aliyeruhusiwa kupita karibu na meza.

Nikaja kwenye kushea na hapo nikarudia swali lilelile la kiti. Mtu anayetazama amekaa wapi? Mwenye shati bovu asubuhi amesimama, amechelewa, simu iko mkono mmoja imesimama wima, sauti imezimwa kwa sababu kuna mtu amelala. Basi video iwe wima, 1080 kwa 1920, maneno yaandikwe kwenye picha, na yaandikwe usawa wa katikati sio chini kabisa maana chini programu zinaweka jina la akaunti na maelezo, na kulia kuna vitufe, nusu ya sentensi inaliwa. Kichwa cha habari tulibadilisha. Alikuwa ameandika "Somo la 3". Mtu mwenye shati bovu hatafuti somo la 3, anaandika kifungo kimetoka, zipu haipandi, suruali imechanika mapajani. Tukaandika hivyohivyo wanavyolia.

Alianza kwa kutuma kwenye grupu la familia na ikawa balaa kidogo. Programu nyingi za meseji zinaibana video ili iende haraka, kwa hiyo uzi mwekundu tulioupigania ukafika kama ukungu wa pinki. Binamu mmoja mjuaji akamwambia tuma kama faili la kawaida haibanwi, WhatsApp kwa mfano tangu 2022 inaruhusu faili mpaka ya GB 2. Kweli inafika safi. Ila hapa mnisikilize mimi, faili likienda zima linaenda na kila kilichoandikwa ndani yake, na simu nyingi zinaandika mpaka mahali ulipokuwa, kwenye ramani kabisa, kama hukuzima hiyo setingi ya kamera. Kwa ndugu sawa, kwa grupu la watu mia mbili usiowajua mimi nisingefanya. Tuma linki, au zima mahali kabla ya kurekodi.

Nikazirudia zile tisa za zamani kwa jicho hilo na nikaona mengine. Kwenye moja mjukuu anapita nyuma akiwa na sare yenye jina la shule kifuani. Kwenye nyingine kuna barua mezani, ukisimamisha na kukuza unasoma anwani yote. Daraja la vitabu limetatua hili bila sisi kukusudia, simu inatazama meza tu, ulimwengu wote wa nyumbani umebaki nje ya picha. Nikamsisitiza tena azifute. Akasema sawa baba.

Sasa makosa yangu. Kwenye video nne za kwanza mpya nilikata kila neno lisilo la kushona. Aliposema "huu mshono alinifundisha mama yangu kwenye mwanga wa koroboi", nikakata, haihusiani. Video zikawa safi, kavu, zinatazamwa ndiyo lakini hakuna anayerudi, komenti ni "asante" na kidole gumba. Ya tano nilikuwa na haraka nikasahau kukata sehemu moja, anasimulia katikati ya kiraka jinsi alivyowahi kushona gauni zima akagundua kalishikanisha na sketi aliyovaa. Komenti zikafurika, watu wanasimulia za kwao, wanamwita mama, wanauliza video inayofuata lini. Nilidhani shida ilikuwa maneno mengi, kumbe shida ilikuwa maneno kukaa mlangoni. Mtu akishaona sindano inafanya kazi anasikiliza hadithi kwa raha, mikono yake yenyewe iko bize, ni kama mimi nilivyokuwa nyuma ya kiti, nilikuwa nasikia habari za watu wote wa mtaa. Siku hizi hadithi inaanza sindano ikishaingia mara ya pili, na video zingine zinafika dakika nne, sijali tena.

Mi nikajua kisa kimeisha, nikaendelea na mambo yangu. Baada ya wiki kadhaa mamdogo akanipigia, mwanangu kuna mtu ameniandikia ananilaumu. Nikauliza amesemaje. Amesema video zako mama ni nzuri ila sisi wa mkono wa kushoto umetusahau, kila nikikufuata nakwenda kinyume.

Nikaanza kumweleza habari za kile kitufe cha kupindua kama kioo, kwamba safari hii labda kitafaa kwa kuwa tumeshahama mbele tupo nyuma, maandishi tutayaweka upya, na shati la kiume tutatumia la kike ligeuke la kiume, nikawa napanga kichwani. Akanikatisha. Akasema nilishamjibu tangu jana. Umemjibu nini? Nimempa zile tisa.

Zile tisa si ulizifuta?

"Nilizificha tu. Baba, darasani nilikuwa na watoto wa mkono wa kushoto kila mwaka. Hao huwakalishi nyuma ya kiti. Unawakalisha mbele yako, mkatazamana, wanakufuata kama wanajitazama kwenye kioo."

Nilichukua lile shati langu, sindano nikaihamishia mkono wa kushoto, nikaweka ile video ya zamani ya jagi, dakika 14, feni na redio ya jirani juu. Mikono ikaenda sawa. Saba kati ya tisa sasa ziko hewani tena, jina jipya ni "Kifungo kimetoka, kwa wa mkono wa kushoto" na kuendelea, mwanzo umekatwa, sauti kaiweka upya mbele ya kabati. Mbili zimebaki zimefichwa, ile ya sare na ile ya barua.